Usimtoe Mtoto Kwenye Wimbo

Siku ya mwisho walinipa saa ya ukutani. Kwetu mtu akistaafu hupewa saa, siku ileile ambayo haihitaji tena, na mimi nilipewa ingawa nina miaka thelathini na minne na mgongo wangu haujawahi kuniuma. Inosenti, fundi wetu wa kuhariri sauti, alisimama na chupa ya Fanta mkononi akasema, "Chers collègues, leo tunamuaga Mzee Zaituna." Watu wakacheka. Lakini hakukosea sana. Kitengo cha kurekodi nyimbo za vilimani kimefungwa, mimi nilikuwa mtu wake wa mwisho, na kazi yenyewe imestaafu pamoja nami. Siku hizi watu wanajirekodi kwa simu na kuitumia redio nyimbo zao. Labda ni vizuri. Sijaamua.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki na zile mashine kabatini, kwa sababu ipo siku mtu atafungua kabati na kuuliza ni za nini. Vyeo nitaviruka, maana sikuwahi kuwa na cheo cha kusimulia.

Nilifika Gitega nikitokea Muyinga, mtaa wa Waswahili, na shahada ya sosholojia na tabia ya kuuliza "unajuaje?" ambayo mama yangu ameiombea dua nyingi iniondoke. Wizara zilikuwa bado hazijahamia, na mji ulikuwa na nafasi ya kutembea katikati ya barabara. Studio yetu ilikuwa vyumba vya kupanga karibu na Mushasha, na kengele za kanisa zilipita ukutani kana kwamba ukuta haupo. Ndiyo sababu mimi, Mwislamu wa Muyinga, najua ratiba ya misa kuliko Wakatoliki wengi. Hatukuthubutu kuwasha mashine kabla ya kengele kunyamaza.

Aliyenipokea alikuwa Ferdinand, ambaye kila mtu alimwita Mzee Feri. Alinivisha kaske masikioni, akanishikisha mikro na kunipeleka sokoni.

"Usirekodi kitu," alisema. "Sikiliza."

Baada ya muda akauliza, "Umesikia nini?"

"Kelele."

"Bon. Sikiliza tena."

Nilisikiliza asubuhi nzima. Mpaka adhuhuri bado nilisikia kelele, ila sasa nilijua muuza dagaa yupi amegombana na mwenzake na nani kati yao anajisikia vibaya. Nilipomwambia, alifurahi kupita kiasi. Nilidhani ni mtu wa ajabu kidogo, na sijapata sababu ya kubadilisha mawazo.

Mengine niliyojifunza kwake ni madogo lakini yanaokoa siku. Betri zibebwe ndani ya nguo, karibu na mwili, maana baridi ya asubuhi vilimani huziua. Mikro ivikwe sponji hata kama upepo hauonekani. Ukipewa kiti, kitikise kwanza. Kiti kinacholia kimeharibu nyimbo nyingi kuliko mvua. Na mbuzi akikaribia, usimfukuze, utarekodi ugomvi wako na mbuzi. Tabia yake moja msiige: hakuwahi kuandika jina juu ya kitu alichorekodi, wala kufuta chochote. "Siku moja tutapanga," alisema kila mwaka.

Tuligombana kuhusu jambo moja tu, na tuligombana miaka yote. Mzee Feri aliamini kwamba wimbo wa shambani unaweza kumng'oa mkubwa kwenye kiti.

"Unajuaje?" niliuliza.

"Nimeona."

"Wapi?"

"Huyu mtoto!" aliwaambia waliokuwepo, kana kwamba nimemvua kofia mbele za watu.

Hakuwahi kunipa mfano hata mmoja, na mifano niliyoikusanya mimi ilinipa mashaka zaidi. Tulirekodi mzee mmoja wa umuduri, ule upinde wenye kibuyu. Aliimba juu ya jirani mwenye mwavuli ambaye hajawahi kulowa, na mvua ikinyesha huwaambia wengine kwamba wanapenda kulowa. Wote waliokuwepo walijua ni nani. Nilipomuuliza, akajibu, "Ni jirani." Wiki hiyohiyo nilimwona mwenye mwavuli mwenyewe akiusikiliza wimbo ule harusini na kupiga makofi. Nikaandika katika ripoti yangu: kama lawama inajificha vizuri hivi mpaka mlaumiwa anaipigia makofi, inamdhuru nani? Mkurugenzi wetu alinirudishia karatasi. "Mademoiselle, andika tu kichwa cha wimbo."

Swali hilo nilikuwa nalo bado tulipokwenda upande wa Ryansoro, kwenye kilima ambacho sitakitaja.

Chini ya kilima kile kuna bonde la maji. Wanawake wa pale walilima humo viazi na maharage wakati wa kiangazi. Mifereji ilichimbwa na mama zao. Karatasi hawakuwa nazo, maana mabonde ni ya serikali, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza karatasi. Kisha mkuu wa kilima, ambaye kwetu ni kama mwenyekiti wa kijiji, akaligawa bonde zima kwa ushirika wa mpunga ambao mwenyekiti wake alikuwa shemeji yake. Wanawake waliambiwa wavune kilichomo na wasirudi. Walikwenda kulalamika ofisi za juu, wakaambiwa jambo la kilima limalizwe na mkuu wa kilima.

Mmoja wao, Konsolata, rika langu, alikuwa ametunga wimbo, na habari zake zilikuwa zimetufikia. Watu wa kule wanasema Kirundi; maneno yao nayaandika kwa Kiswahili chetu cha mjini, ambamo "hama" ni "halafu", kwa sababu ndivyo yalivyobaki kichwani mwangu. Tuliketi kwenye ua wake pamoja na majirani. Nikaandaa mashine, nikatikisa kiti, nikamwambia niko tayari. Konsolata alinitazama mikono, kisha mgongo.

"We iko na mutoto?"

"Hapana, sina mtoto."

"Na Mzee?"

"Wangu ni wakubwa," alisema Mzee Feri. "Mmoja ni polisi."

"Hama nitamubembeleza nani? Polisi?"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Sisi wawili tulikuwa hatuelewi, na nawaambia hilo ili mjue kwamba hata Mzee Feri, na miaka yake yote, hakujua. Walitueleza taratibu, kama wanavyoelezwa wageni. Wimbo ule ulikuwa igihozo, wa kubembeleza mtoto. Mama anaweza kumwambia mtoto yale asiyoweza kumwambia mume, mama mkwe au mkubwa yeyote. Anayepita na kusikia amesikia maneno ya wengine, na si adabu kuyajibu. Lakini lazima mtoto awepo, mikononi. Bila mtoto wewe ni mwanamke anayetukana watu tu.

Mimi, kwa elimu yangu, nikapendekeza tukunje kitenge.

"Kitenge kinalia?" aliuliza bibi mmoja, na wakacheka upya.

Basi akaletwa Keza, binti wa jirani, mwenye miezi michache, aliyekuwa ameamshwa na hataki kusamehe. Konsolata akampakata, akaanza kuyumba. Maneno yalikuwa hivi, kwa kadiri ninavyoweza kuyageuza:

*Nyamaza Keza, usililie bonde,*
*bondeni amelala fahali.*
*Si wetu, sisi hatuna fahali.*
*Amelala juu ya viazi vyako,*
*pembe zake zimepakwa mafuta,*
*mkia wake umefika ofisini.*
*Nyamaza Keza, asije akaamka*
*akauliza nani analia.*

Keza alilia wimbo wote. Kila alipopandisha sauti, Konsolata alipandisha yake. Aliposhusha, naye alishusha, mpaka hukujua nani anamfuata nani. Katikati wimbo ulikatika. "Yampaye! Unanikojolea mbele ya redio!" Kisha ukaendelea pale ulipoishia, na fahali hakusogea hata hatua moja.

Nilimpa Inosenti ile rekodi na kusafiri kwenda Muyinga, kwenye harusi ya binti wa shangazi yangu. Inosenti alikuwa amepata programu mpya ya kusafisha sauti na alikuwa anatafuta kitu cha kusafisha.

Nilikuwa na mama dukani kwa Bwana Karimu tukichagua vitambaa vya harusi. Babu zake Bwana Karimu walitoka India. Yeye alizaliwa Muyinga na anakujibu kwa Kirundi, Kiswahili au Kigujarati kutegemea unachotaka kupunguziwa. Redio yake hukaa juu ya marobota ya kitenge. Mtangazaji akasema sasa ni wimbo kutoka Gitega, na sauti ya Konsolata ikaingia peke yake, safi, kama mtu amesimama kwenye kanisa tupu. Keza hakuwemo.

Wanawake waliokuwa wakipima vitambaa wakasimamisha mikono.

"Yoo! Huyu mama iko na roho ngumu," alisema mmoja.

"Anasema mukubwa waziwazi hivi? Kwa redio?"

"Labda anabembeleza mtoto," mama yangu alisema.

"Mutoto iko wapi, mama? We umesikia mutoto?"

Bwana Karimu alipunguza sauti ya redio taratibu, kama mtu anayefunga dirisha jirani wakigombana. "Zaituna, hii redio si yenu?"

"Ni yetu."

"Basi leo sema iko ya wengine."

Kule kilimani nilikuwa nimemchukulia mtoto kama desturi tu, kama kunawa mikono kabla ya kula. Dukani nikasikia kwa masikio ya watu wasiomjua Konsolata kwamba mtoto alikuwa wakili wake, na redio ilikuwa imemtoa wakili mahakamani ikamwacha mshtakiwa asimame peke yake. Nikampigia simu Inosenti.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemtoa! Umesikia ilivyo propre?"

Hazikupita siku nyingi Mzee Feri akapiga simu. Konsolata ameitwa mbele ya bashingantahe, wazee wanaosuluhisha mambo ya kilima. Mkuu wa kilima anamshtaki kwa kumtukana redioni. Anataka Konsolata akabidhiwe polisi, na yeye pamoja na wote walioketi naye siku ile wasipewe tena kipande chochote, bondeni wala pengine. Niliondoka kabla bibi arusi hajatolewa nje. Mama hajalisahau.

Mkurugenzi alinisikiliza akipanga kalamu zake. "Redio haina upande, Mademoiselle."

"Kumtoa mtoto ni kuwa na upande au si kuwa na upande?"

"Mademoiselle Zaituna."

Mazungumzo yaliishia hapo. Hakunikataza kwenda, kwa sababu hakuuliza ninakwenda wapi. Alikuwa mtu wa busara kwa namna hiyo.

Tatizo lilikuwa rekodi ya kwanza. Inosenti alikuwa amehifadhi ile safi na kuifuta ile chafu. Lakini kumbukeni tabia mbaya ya Mzee Feri: alikuwa na mashine yake ndogo, alirekodi nayo siku ile kwa mazoea, na hakuwa amefuta kitu. Tulitafuta siku nzima katika droo zake. Tukampata Keza kwenye kadi moja, ndani ya kibahasha cha kanisani kilichoandikwa "Kwaya, Pasaka". Inosenti alikuwa akifungua droo nasi tangu asubuhi. Aliposikia kilio cha kwanza aliinama, akaketi sakafuni. Kisha akachukua spika kubwa, akaifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akapanda nyuma ya moja ya pikipiki tulizokodi bila kumuuliza mtu.

Watu walikuwa wamejaa ua wa ofisi ya kilima. Mkuu wa kilima alivaa suti. Alitoa simu, akaupiga wimbo uliosafishwa, na ukweli ni kwamba katika ua ule ulitisha. Hata waliompenda Konsolata walitazama chini.

Mshingantahe aliyeongoza kikao, mzee mwenye koti la mvua ingawa jua liliwaka, alimuuliza, "Binti yangu, ulikuwa unamwimbia nani?"

"Keza, baba."

"Mbona hasikiki?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu fasihi simulizi na uhuru wa kujieleza, yote ikanitoka. "Ni sisi, redio," nilisema. "Tulimtoa. Yuko hapa."

Inosenti akawasha spika. Kilio cha Keza kikajaa ua, kikapanda hadi migombani. Na Keza mwenyewe, aliyekuwa amelala mgongoni kwa mama yake nyuma ya watu, akajisikia, akaamka, akaanza kulia naye. Wakawa Keza wawili. Konsolata, mbele ya mahakama yake, akageuka kwa mazoea na kuanza "shh, shh", na spika ikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, "Yampaye! Unanikojolea mbele ya redio!"

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Walicheka bashingantahe. Alicheka askari mlangoni. Mkuu wa kilima peke yake hakucheka, na kila mtu aliona.

Mzee mwenye koti alifuta macho. "Bwana mkuu, huyu mama alikuwa anabembeleza mtoto. Hama wewe unasema katukana. Katukana nani?"

"Mimi."

"Jina lako sikulisikia. Nimesikia fahali."

"Kila mtu anajua fahali ni nani!"

"Mi sijui. Tuambie wewe."

Keza wa spika alikuwa amefika mwisho. Mkuu wa kilima alifungua mdomo. Niliona akilipima lile neno ndani ya kinywa chake: akisema ndiye yeye, basi ndiye aliyelala juu ya viazi vya watu, pembe zikiwa na mafuta. Akaufunga mdomo.

"Ni wimbo wa mtoto," alisema mwishoni. "Haya, yaishe."

"Fahali hana mwenyewe?" mzee aliuliza.

"Hana."

Ndipo yule bibi aliyeniuliza kama kitenge kinalia akanyanyua mkono kutoka nyuma. "Kama hana mwenyewe, bashingantahe, kesho tunamtoa kwenye viazi. Nani atakataza?"

Hakuna aliyekataza. Kesho yake walishuka bondeni na majembe.

Sasa, nyinyi mnaonijua mnajua sikuishia hapo. Mzee Feri alitembea mwezi mzima akisema, "Umeona? Umeona?" Inosenti alidai ni spika. Mimi nilirudi kuuliza, nikagundua kwamba ushirika ulikuwa tayari na ugomvi wa ndani na miche yao ilitosha nusu tu ya bonde. Na kweli wanawake walipata nusu. Nusu nyingine ina mpunga hadi leo. Je, ni wimbo au ni miche? Wimbo ungeshinda kama miche ingetosha? Atakayewaambia ana jibu, muulizeni anajuaje.

Kitu kimoja nilikibadilisha katika ripoti yangu ya zamani. Nilikuwa nimeuliza lawama iliyojificha inamdhuru nani, kana kwamba inajificha ili mkubwa asielewe. Anaelewa kabla ya wote. Yule mwenye mwavuli aliyepiga makofi harusini alielewa. Alipiga makofi kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Kujificha ni kwa ajili ya kumnyima namna ya kujibu. Akijibu, amejitaja. Akinyamaza, wimbo unaendelea. Ndiyo maana nasema mkipewa wimbo, msitoe kilio, kikohozi, mchi unaotwanga wala mbuzi, mpaka mjue kila kimoja kinamlinda nani. Inosenti sasa ana programu nzuri zaidi, na hagusi kitu kabla ya kumpigia simu mwenye wimbo.

Wiki ya mwisho ya kazi nilikwenda Ryansoro kuaga. Mzee Feri hayupo tena kunisindikiza, tulimzika msimu wa mvua uliopita. Konsolata alikuwa ukingoni mwa bonde akivuna viazi. Keza anatembea sasa, alikuwa na kipande cha muwa kikubwa kuliko mkono wake. Nilimwonyesha Konsolata kwamba mashine iko mfukoni, imezimwa.

"Dada, naacha kazi," nilimwambia. "Hakuna anayerekodi. Niambie ukweli, sisi wawili tu. Fahali aliondoka kwa sababu ya wimbo?"

"Fahali gani?"

"Konsolata."

"Mi nilikuwa nabembeleza mutoto."

Nilicheka, lakini sikuondoka. Alifuta udongo mikononi, akamwinua Keza na muwa wake na kumweka mapajani mwangu.

"Mushike kwanza," alisema. "Hama uulize."

Nikamshika. Nikajisikia mjinga, kisha nikamuuliza Keza, masikioni, kama ninavyoona wanawake wakifanya: "Keza, fahali aliondokaje?"

Konsolata alirudi kwenye viazi vyake. "Keza," alisema bila kunitazama, "mwambie shangazi fahali hajaenda mbali."

Kisha akaanza kuimba, ubeti ambao sikuwahi kuurekodi. Ndani yake mlikuwa na mgeni mwenye viatu vyeupe aliyekuja wiki iliyopita kupima bonde kwa kamba ndefu, na hakumsalimu mtu. Wanawake waliokuwa upande wa pili wa mfereji waliinua vichwa kusikiliza. Keza alichoka na mapaja yangu, akaanza kujinyonganyonga ashuke, akiniachia utamu wa muwa kwenye nguo.

Nilimkumbatia vizuri zaidi asishuke, mpaka Konsolata amalize.